Migongano ya Molekuli Angani na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda ukastaajabu kuona jarida la wanafunzi wa Kiswahili likizungumzia molekuli zinazogongana katika anga za mbali. Tumezoea kukutana humu tukijadili riwaya, arudhi za ushairi, sarufi na isimujamii. Mada ya fizikia ikibisha hodi, aghalabu huchukuliwa kuwa mgeni aliyekosea mlango. Makala haya yanashikilia kwamba mgeni huyu hakukosea. Hoja yangu ni moja: Kiswahili hakitapata lugha ya sayansi kwa kuorodhesha istilahi peke yake, kitaipata kwa kueleza jambo moja gumu tangu mwanzo hadi mwisho, na wanaopaswa kuianza kazi hiyo ni sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha. Ili nisionekane ninawapaka wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa, nitaieleza kwanza sayansi yenyewe, kisha tuipime lugha yetu mbele yake.

Gesi ya jiko iliyoko mbinguni

Kati ya nyota na nyota hapana utupu mtupu. Kuna mawingu makubwa ya gesi na vumbi, na katika baadhi yake, yaitwayo mawingu ya molekuli, baridi hufikia nyuzi 263 hivi chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Gesi ya humo ni hafifu kupita kiasi. Hewa tunayovuta hapa Murang'a ina, katika kila sentimita moja ya ujazo, molekuli zaidi ya bilioni kumi mara bilioni moja. Katika mawingu hayo, ujazo uo huo huwa na molekuli mamia, maelfu, au mahali palipo pazito mno, milioni kadhaa tu. Hata hivyo, mawingu hayo ni mapana kiasi kwamba jumla ya gesi iliyomo yaweza kuunda maelfu ya nyota.

Wataalamu wamekwisha kutambua angani zaidi ya aina 300 za molekuli. Chache za kwanza zilijulikana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Amonia ikafuata mwaka wa 1968, maji mwaka wa 1969, na mwaka wa 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias wakatangaza kuwa wameipata kabonimonoksaidi. Gesi hii si ngeni kwetu. Ndiyo ile inayotoka katika jiko la makaa, isiyo na rangi wala harufu, na ambayo kila msimu wa baridi huwaua watu wanaolala nalo ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Mkazi yeyote wa Nyeri au Murang'a amewahi kusikia tanzia ya namna hiyo mwezi wa Julai.

Wingu ambamo gesi hiyo ilipatikana kwa mara ya kwanza limo katika kundi la nyota liitwalo Orion, lile linalotambulika kwa nyota tatu zilizojipanga mstari. Murang'a iko chini kidogo tu ya ikweta, na kwa hiyo nyota hizo tatu huchomoza mashariki hasa na kupita karibu na utosi wetu. Ukitoka nje jioni ya Januari mbingu zikiwa safi, utaziona pasipo chombo chochote. Nuru inayotoka katika wingu hilo husafiri kwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya kutufikia.

Yapo maswali mawili hapa. Tunajuaje kuwa gesi hiyo iko huko? Na tunajuaje kiasi chake? Swali la kwanza hujibiwa kwa darubini ya mawimbi ya redio. La pili haliwezi kujibiwa kwa darubini pekee. Hujibiwa kwa hesabu za migongano, na hesabu hizo ndizo kiini cha makala haya.

Ngazi za shamba la mlimani

Molekuli ya kabonimonoksaidi huzunguka kama pia ya mtoto. Lakini haizunguki kwa kasi yoyote ipendayo. Kwa mujibu wa umakanika wa kwanta, yaani tawi la fizikia linalochunguza mienendo ya vitu vidogo mno, nishati yake ya kuzunguka ni ya viwango maalumu tu. Asiyeelewa na atazame mashamba ya Kangema au Kigumo. Mteremko umekatwa ngazi. Mtu anaweza kusimama katika ngazi ya kwanza au ya pili, lakini hana mahali pa kusimama katikati ya hizo mbili. Ngazi nyingi za namna hiyo zilichimbwa kwa amri ya serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940, na wanawake wa wilaya hii, iliyoitwa Fort Hall wakati huo, wanakumbukwa katika historia kwa kuupinga wazi ulazimishaji huo mwaka wa 1948. Ngazi za molekuli hazikuchimbwa na yeyote. Ni tabia ya maumbile. Ila mfano unafaa: kuna kupanda, kuna kushuka, na hakuna kati na kati.

Molekuli hupandaje? Katika wingu lenye baridi, njia kuu ni kugongwa na jirani, na jirani huyo mara nyingi ni molekuli ya haidrojeni, gesi iliyo nyingi kuliko zote. Kisha hushukaje? Kuna njia mbili. Yaweza kugongwa tena na kupoteza nishati yake, au yaweza kushuka yenyewe na kutoa wimbi la redio. Wimbi linalotoka molekuli ikishuka kutoka ngazi ya kwanza hadi chini kabisa lina urefu wa milimita 2.6. Ndilo lililonaswa na darubini mwaka wa 1970.

Sasa zingatia jambo hili, maana ndilo linalobeba hoja yote. Molekuli iliyo katika ngazi hiyo ya kwanza, ikiachwa peke yake, hungoja kwa wastani siku 160 hivi kabla ya kutoa wimbi lake. Ni karibu nusu mwaka. Katika wingu lenye molekuli 2,000 hivi za haidrojeni kwa kila sentimita ya ujazo, mgongano wa kuishusha nao huja baada ya muda unaokaribiana na huo. Wingu likiwa hafifu zaidi, molekuli hukaa bila kuguswa na kupandishwa kwake huwa kwa nadra. Likiwa zito zaidi, migongano hutawala. Kwa hiyo nguvu ya wimbi tunalolipokea hutegemea mambo matatu yaliyofumana: idadi ya molekuli zilizopo, joto la wingu, na kasi ya migongano.

Mtu aliyesimama mbali na soko la Mukuyu husikia uvumi wa sauti. Kwa uvumi huo pekee hawezi kubainisha kama ni watu wengi wanaozungumza kwa sauti ya chini au ni wachache wanaopiga kelele. Akijua kila mmoja hupaza sauti kiasi gani, ataweza kukadiria idadi yao. Kasi ya migongano hufanya kazi hiyo hiyo kwa mwanafalaki. Bila kuijua, wimbi lililonaswa kwa darubini ya thamani kubwa hubaki uvumi usio na tafsiri.

Wala si suala la kuhesabu tu. Molekuli inapopandishwa kwa mgongano, huchukua sehemu ya nishati ya mwendo wa gesi. Inapotoa wimbi na wimbi hilo likaponyoka nje ya wingu, nishati hiyo huondoka kabisa. Hivyo ndivyo wingu linavyopoa. Wingu lisilopoa haliwezi kujikusanya kwa uzito wake na kuzaa nyota. Jua linaloivisha kahawa na chai yetu lilitokana na wingu la aina hiyo miaka bilioni nne na nusu hivi iliyopita, na kupoa kwa gesi kwa njia ya migongano na mawimbi kulikuwa sehemu ya kuzaliwa kwake.

Kazi isiyohitaji darubini

Je, kasi ya migongano hupatikana wapi? Maabara machache duniani yamefaulu kuipima katika baridi kali kama ile ya mawinguni, tena kwa molekuli chache. Kwa sehemu kubwa, kasi hizo hukokotolewa. Hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza hutegemea wazo lililotolewa mwaka wa 1927 na Max Born na Robert Oppenheimer. Elektroni ni nyepesi na zina kasi kubwa kuliko viini vya atomu. Kwa hiyo mtaalamu huviwazia viini kuwa vimetulia, akakokotoa nishati ya elektroni, kisha akavisogeza viini kidogo na kukokotoa upya. Akirudia hivyo kwa maelfu ya mikao, umbali tofauti na pembe tofauti, hupata kitu kinachofanana na ramani ya nchi ya milima. Mahali ambapo molekuli mbili hukataana pamekuwa kilima; mahali zinapovutana pamekuwa bonde. Anayeijua Murang'a, yenye miinuko na mabonde yanayoteremka sambamba kutoka Nyandarua, hana haja ya kuelezwa zaidi ramani hiyo.

Hatua ya pili ni kuzipitisha molekuli katika nchi hiyo. Hapa mawazo ya kawaida kuhusu mipira inayogongana hayatoshi, kwa kuwa kila molekuli hutenda pia kama wimbi. Mwaka wa 1960 Arthurs na Alexander Dalgarno waliandika milinganyo inayozihusisha ngazi zote kwa pamoja, na hadi leo njia hiyo ndiyo kipimo ambacho njia za mkato hupimwa nayo. Gharama yake ni kubwa: ukizidisha mara mbili idadi ya ngazi zinazohusishwa, kazi ya tarakilishi huongezeka takribani mara nane.

Hatua ya tatu ni kutafuta wastani wa matokeo kwa kila joto, ili ipatikane kasi moja kwa kila safari ya kutoka ngazi hadi ngazi. Majedwali ya kasi hizo huhifadhiwa katika hazina zilizo wazi kwa wote, kama LAMDA ya Leiden, Uholanzi, na BASECOL ya Ufaransa.

Ipo njia ya mkato inayopaswa kutufunza. Kwa kuwa molekuli ya haidrojeni na atomu ya heliamu zote zina elektroni mbili, wataalamu wengi wamekokotoa migongano na heliamu, iliyo duara na rahisi, kisha wakaitumia badala ya ile ya haidrojeni. Kwa molekuli fulani, matokeo hukaribiana na ukweli. Kwa nyingine hukosea mara kadhaa. Ni sawa na mtahiniwa anayesoma mwongozo akaiacha riwaya. Atajibu maswali mengi, lakini swali litakalogusa mshono wa kazi yenyewe litamwumbua.

Msomaji atambue kwamba katika hatua zote nilizozitaja, hakuna inayohitaji darubini. Kinachohitajika ni hisabati, tarakilishi, subira na mwalimu. Ndiyo maana Waafrika wamo katika fani hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop huko Dakar, na wenzao wa Tunis, wamechapisha katika majarida ya kimataifa kasi za migongano ya molekuli za angani walizozikokotoa wao wenyewe na washirika wao. Hapa Kenya, mwaka wa 2012 Eldoret ilikuwa mwenyeji wa mafunzo ya bara zima kuhusu ukokotoaji wa mienendo ya elektroni kwa njia ya kwanta, fani iliyo ndugu ya hii kwa maana hatua ya kwanza ya zote mbili ni moja. Kuzunguka mlima wetu, vyuo vikuu saba vya umma vilipewa hati kati ya mwaka wa 2012 na 2016: Dedan Kimathi, Chuka, Karatina, Meru, Embu, Kirinyaga na Murang'a. Kati ya hivyo, kadhaa vina neno teknolojia au sayansi katika majina yao. Mwanafunzi wa fizikia wa Murang'a anayetaka kukokotoa mgongano wa molekuli hazuiwi na mawingu ya Nyandarua kufunika anga.

Kitenzi kilichokuwa tayari

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Wapo wanaodai kuwa mambo kama haya hayasemeki kwa Kiswahili. Nimekwisha kuyasema kwa aya kadhaa, nawe umenifuata. Lakini ningependa kwenda mbali zaidi na kudai kwamba katika jambo hili mahususi, sarufi yetu ina zana nzuri ambazo hatujazitumia.

Tuchukue kitenzi gonga. Katika kauli ya kutendana tunapata gongana, na humo mna ukweli wa kifizikia: katika mgongano hakuna mgongaji na mgongwaji kwa asili, ila pande mbili zinazoelekeana, na linalohesabika ni mwendo wa moja kwa kulinganishwa na nyingine. Kiambishi kimoja, -an-, kimebeba fundisho zima.

Tuchukue pia panda na shuka. Molekuli inayopata nishati kwa kugongwa haipandi, hupandishwa. Inayopoteza nishati kwa kugongwa hushushwa. Inayotoa wimbi pasipo kuguswa na chochote hujishusha. Na inapotokea kwamba wimbi linalopita ndilo linaloichochea kutoa wimbi jingine, hapo hushushwa na wimbi. Mwanafizikia hutumia majina marefu kuyatofautisha matukio haya manne, na mwanafunzi huyakariri kwa shida. Kauli ya kutendeshwa na kirejeshi -ji- huyatofautisha ndani ya neno moja, na mtoto wa shule ya msingi anayaelewa.

Tena kuna sheria kwamba kasi ya kupandisha na kasi ya kushusha katika migongano zimefungamana: ukiijua moja na joto la gesi, nyingine unaipata bila kukokotoa upya. Je, si jambo linalomstahili mwanaisimu kuona jozi hii ya vitenzi, pandisha na shusha, ikifungamana katika maumbile kama inavyofungamana katika msamiati wetu?

Sidai kuwa kila kitu ki tayari. Migongano yenyewe ni ya aina tatu: ile inayobadili mwelekeo wa molekuli tu, ile inayobadili ngazi zake, na ile inayozaa molekuli mpya. Tutaziitaje? Ninapendekeza mgongano wa kuepana, mgongano wa kuhamisha ngazi, na mgongano wa kuzaa. Huenda ukayakataa mapendekezo haya. Ukiyakataa, utalazimika kutoa mengine, na hapo mjadala utakuwa umeanza mahali panapofaa, yaani ndani ya maelezo.

Orodha zipo, maelezo hayapo

Haitakuwa haki kusema kwamba wazee wetu wa lugha walilala. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini istilahi ni kama mbegu. Ikihifadhiwa ghalani pasipo kupandwa huoza. Ni wangapi kati yetu waliowahi kusoma ukurasa mmoja mzima wa fizikia ya chuo kikuu ulioandikwa kwa istilahi hizo? Hata jambo dogo kama atomu au atomi bado linatutenganisha, kwa sababu hatujaliandika mara nyingi vya kutosha hadi matumizi yakaamua. Neno tarakilishi lenyewe lingali likipigania nafasi yake dhidi ya kompyuta, na mwamuzi si kamati bali ni mwandishi na msomaji.

Katika shule za upili tunafunzwa sajili: ya mahakama, ya hospitali, ya michezo, ya ibada. Tunapojibu swali la sajili ya sayansi, mifano yetu huwa michache na mikavu, kwani sajili haifunzwi kwa orodha ya sifa. Huishi katika matini. Pasipo matini, sajili ni jina tu.

Majina tumekwisha kuyatoa, tena hadi angani. Tarehe 12 Desemba 1970, mwaka ule ule wa kugunduliwa kwa kabonimonoksaidi katika Orion, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Mwaka wa 2019 Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki ulizialika nchi kuzipa majina nyota na sayari zao; nyota ya Kenya ikaitwa Kalausi, neno la Kijaluo la upepo wa kisulisuli, na sayari yake ikaitwa Buruti, neno la Kimeru la ngurumo. Watanzania nao waliiita nyota yao Mpingo. Haya ni ya fahari. Hata hivyo, ni Waswahili wangapi wanaoweza kusoma kwa Kiswahili jambo ambalo setilaiti Uhuru iligundua? Tumekuwa watoa majina ya vitu ambavyo hatuvielezi.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la tumbo. Itatufaa nini kujua migongano ya gesi ya Orion ilhali bei ya majani chai yaja na kushuka? Nalichukua swali hili kwa uzito, maana wengi wetu tumelipiwa karo na majani hayo. Jibu ni kwamba hesabu zile zile za mgongano ndizo zinazotumika kueleza jinsi gesi za hewani mwetu zinavyofyonza joto, jambo lililo katikati ya elimu ya tabianchi, na tabianchi ndiyo inayoamua chai na kahawa yetu. Fauka ya hayo, kijana aliyejifunza kuiamrisha tarakilishi ikokotoe mgongano wa molekuli ana stadi inayomfaa katika kazi nyingine nyingi.

Pingamizi la pili husema kwamba sayansi huchapishwa kwa Kiingereza na itaendelea hivyo. Ni kweli. Watafiti wa Dakar na Tunis husomesha kwa Kifaransa na huchapisha kwa Kiingereza. Sisemi mtafiti wa Murang'a aache kuchapisha mahali wenzake watakapomsoma. Nasema kwamba kuchapisha ni jambo moja na kuelewa ni jingine. Mwanafunzi anayeweza kukieleza kitu kwa lugha mbili amekielewa zaidi ya anayekariri kwa moja. Tena Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya tangu Katiba ya mwaka wa 2010, pamoja na Kiingereza. Urasmi usiofika katika maabara ni urasmi wa barua na hotuba.

Pingamizi la tatu hutoka kwetu wenyewe: sisi si wanafizikia, tutaharibu. Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni ushirikiano. Mwanafunzi wa lugha akiandika peke yake, atakosea sayansi. Mwanafizikia akiandika peke yake, ataazima kila neno na sentensi zake zitanuka tafsiri. Wakiandika pamoja, kila mmoja atamkosoa mwenzake. Ajabu ni kwamba katika vyuo vyetu wawili hawa hupanga ploti moja, hupanda matatu moja kwenda nyumbani, na hawajawahi kuulizana wanasoma nini.

Tufanyeje?

Ninapendekeza mambo matatu ambayo chama kama chetu kinaweza kuyafanya bila kungoja ruzuku. Kwanza, kila muhula jarida litenge kurasa kwa makala moja ya sayansi iliyoandikwa na watu wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa sayansi, kuhusu jambo moja linaloelezwa kikamilifu. Makala moja kwa muhula ni haba, ila haba na haba hujaza kibaba.

Pili, istilahi zikusanywe kutoka katika makala hayo baada ya kuandikwa, si kabla. Neno lililofanya kazi katika sentensi kumi lina haki ya kupelekwa mbele ya wataalamu wa CHAKITA, ya BAKITA na ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar. Neno lililobuniwa mezani bila sentensi halina ushahidi.

Tatu, wahadhiri wetu waheshimiwa waukubali mradi wa namna hii kuwa kazi ya mwaka wa mwisho. Maktaba zetu zina tasnifu tele kuhusu usawiri wa mwanamke katika riwaya fulani, na sizibezi. Lakini mwanafunzi atakayeandika kurasa hamsini za Kiswahili sanifu kuhusu ukokotoaji wa migongano, akishirikiana na idara ya fizikia, atakuwa ameongeza kitu ambacho hakikuwapo rafuni.

Yanayohatarishwa ni mengi kuliko fahari. Lugha inayoachiwa mapenzi, siasa na dini pekee huanza kuaminiwa na wasemaji wake kuwa haiwezi kitu kingine, na imani hiyo ikishaota mizizi huwa kweli. Wazazi wetu waliolipa karo wana haki ya kuelezwa watoto wao wanasomea nini, kwa lugha wanayoisikia redioni kila siku, na wala wasiambiwe kuwa ni mambo ya Kizungu wasiyoweza kuyaelewa. Mkulima wa Kigumo anayejua kwamba shamba lake lina ngazi, na kwamba maji huteremka kutoka moja hadi nyingine, amekwisha kuvuka nusu ya njia kuelekea umakanika wa kwanta. Nusu iliyobaki ni deni letu sisi wenye kalamu. Tulilipe.